Niliyempokea Ndiye Niliyemsindikiza

Jumapili. Jua kali na baridi kali kwa pamoja, ile hali ya Minnesota ambayo hata baada ya miaka yote hii bado inanidanganya. Nachungulia dirishani naona mwanga, natoka nje pumzi inakatika. Nimerudi kutoka shifti ya asubuhi hotelini na sijavua hata koti. Nimekaa nalo hivi hivi mezani.

Sina hamu ya kuandika. Lakini nisipoandika nitalia, na Salma yuko chumba cha pili.

Leo nimeongea na Mapendo.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Pwani ya Kenya, naishi Roseville na binti yangu Salma, na hadi mambo yalipobadilika nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ndogo ya kupokea wakimbizi huko Saint Paul. Waliniajiri kwa ajili ya Kiswahili. Wakongomani wengi wanaoletwa huku wameishi makambini Tanzania, Kenya na Uganda muda mrefu sana. Mtu anatua hapa amechoka, amekumbatia ule mfuko mweupe wa nailoni wenye karatasi zake, hajui amtazame nani. Halafu anasikia, "Karibuni, poleni na safari," na mabega yanashuka. Katika kazi ile hakuna nilichokipenda kama kuyaona yale mabega yakishuka.

Mabega ya Wilondja hayakushuka.

Alitua peke yake. Mwanaume mrefu, wa makamo, jicho la kushoto limefunikwa na utando mweupe. Nilipomsalimu alinipa mkono vizuri, kisha akageuka kutazama nyuma, kule watu wanakotokea, kama mtu aliyeacha mlango wazi. "Bibi yangu anabaki nyuma kidogo," akasema. "Atafika."

Kwetu bibi ni mama mzee, na mimi nikaanza kumpa pole kwa kumwacha nyanya yake. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kwao bibi ni mke. Ndivyo tulivyojuana, kwa kicheko, na tangu hapo akaniita dada.

Tulipokuwa garini alinieleza. Yeye na Mapendo walikimbia kutoka Fizi wakiwa vijana, kila mmoja na watu wake. Wakakutana kambini, mkoani Kigoma, wakaoana huko, na huko huko wakazika watoto wawili wachanga. Hawakupata wengine. Faili lao la kuja Amerika lilipofunguliwa walihojiwa, wakahojiwa tena, kila mmoja chumba chake: ulitoka kijiji gani, nani alikufa mbele ya macho yako, ulipita njia ipi. Majibu yao yakalinganishwa. Wakakubaliwa.

Kikabaki kipimo cha mwisho cha afya. Picha ya kifua cha Mapendo ikaonyesha kifua kikuu. Akaambiwa hasafiri mpaka amalize dawa, na dawa zile ni za miezi.

Wilondja naye alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikwisha kwenda, na daktari wa kambini alimwambia la pili litafuata asipopasuliwa. Ofisa wa safari akawaambia kesi inaweza kukatwa vipande viwili, mume atangulie akatibiwe, mke amalize dawa amfuate. Wilondja akakataa. Aliyemlazimisha ni Mapendo mwenyewe. Alimwambia, "Nenda uponye hilo jicho. Siku nikishuka kwenye ndege nataka mtu wa kuniambia kama nimezeeka."

Akaja. Akapasuliwa Minneapolis. Jicho likapona.

Mapendo naye akapona. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu huniuliza, "Kwani mkewe alikuwa na tatizo gani?" Hakuwa na tatizo. Alimaliza dawa zote, kifua kikawa safi. Lakini watu wengi hudhani mkimbizi akishakubaliwa anapanda ndege. Sivyo mpango huu unavyoendeshwa. Kila kipimo kina uhai wake. Picha ya kifua ina muda wake, idhini ya usalama ina muda wake, alama za vidole zina muda wake, na siku ya safari vyote lazima viwe hai kwa pamoja. Mapendo alipomaliza dawa, idhini ya usalama ilikuwa imekufa. Wakaitafuta upya. Ilipokuja, picha ya kifua ilikuwa imekufa. Akapigwa nyingine. Ukiuliza, kila ofisi ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, na mimi naona hilo ndilo lililotuchosha zaidi.

Wilondja alingoja akifanya kazi. Alipata kibarua cha kufua mashuka kwenye hospitali moja Minneapolis, anakwenda kwa basi kisha treni, anarudi vidole vimekunjamana kwa maji na joto. Aliishi Saint Paul, chumba kimoja na sebule. Siku moja alinipigia simu akiwa dukani, anataka kujua viatu vya theluji vya mwanamke vinachaguliwaje. Nilipofika nikamkuta amesimama katikati ya njia, amevaa mikononi buti mbili za kike, anazipima joto. Watu wanampita wanamtazama. Yeye hana habari.

"Hizi zitamfaa," akasema. "Miguu yake huwa ya baridi hata Kigoma."

Kisha tikiti ikatoka.

Sijui kama naweza kueleza siku zile. Alikwenda kunyolewa. Alitundika mapazia ya rangi ya machungwa kwa sababu Mapendo anapenda rangi hiyo. Huko kambini Mapendo naye aliaga. Alimpa jirani masufuria, godoro akalitoa, na nyumba yao ya matofali ya udongo ikapewa familia nyingine iliyokuwa inalala chini ya turubai. Akapelekwa mjini kwenye kituo cha kusubiri ndege.

Kulikuwa na kanuni moja ya serikali niliyoipenda kila nilipoisoma. Ilisema mkimbizi akifika akute kitanda kimetandikwa na chakula cha moto cha kwao. Iliandikwa kabisa. Basi siku moja kabla ya Mapendo kutua nilikuwa jikoni kwa Wilondja, sombe, kisamvu cha kwao, iko motoni, nimeshaweka mawese, madirisha yamejaa mvuke. Simu ikaita. Alikuwa mkuu wangu wa kazi. Alisema serikali mpya imesimamisha mpango wote. Ndege zote. Hata waliokwisha kukata tikiti.

Nikauliza, "Hata wa kesho?"

Akasema, "Hata walioko njiani kuelekea uwanjani."

Nikazima jiko. Halafu nikaliwasha tena, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Wilondja alirudi kutoka kazini ananukia sabuni ya hospitali, anatabasamu kwa harufu ya chakula. Nikamwambia, "Kaa kwanza."

Hakukaa. Alinitazama kwa lile jicho moja. "Amekufa?"

"Hapana! Hapana, yu hai. Ni ndege. Wamesimamisha ndege zote."

Akatoa pumzi ndefu, akashika moyo, akacheka. "Aa, dada! Ni ndege tu? Basi atapanda nyingine."

Nikampakulia. Alikula akinisifia mapishi, na mimi nilikaa mbele yake nikimtazama akitafuna, najua jambo ambalo yeye bado halijui.

Usiku ule huko kwao Mapendo alirudishwa kambini kwa basi. Familia iliyopewa nyumba yake ilikuwa imeshaingia, na wao pia hawakuwa na pa kwenda. Aliwaambia wakae. Akaenda kuomba pembe ya kulala kwa rafiki yake.

Ofisi yetu ilikufa taratibu. Kwanza simu zikapungua, kisha wenzangu wakaitwa mmoja mmoja, kisha nikaitwa mimi. Nikapata kazi ya mapokezi hotelini Bloomington, karibu na uwanja wa ndege. Nawapokea watu bado, ila hawa wana masanduku yenye magurudumu na wanauliza kifungua kinywa kinaanza saa ngapi.

Lakini Wilondja hakuacha kunipigia. "Dada, umesikia kitu?" Nilikuwa nasikia mengi. Jaji kasema ndege ziruke. Jaji mwingine kasema zingoje. Kuna wachache wa kuchaguliwa wanaopita. Hilo la mwisho alilifikiria kidogo, akaniuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Na hao, vifua vyao vilipigwa picha lini?"



Tulifika mahali tukaogopa habari njema kuliko mbaya. Mbaya unalala nayo. Njema inakuamsha.

Kambini mgao wa chakula ukapunguzwa, ukapunguzwa tena. Mapendo akaanza kukohoa. Kwenye simu ya video alikuwa anaigeuza ielekee ukutani, anasema mtandao mbaya. Siku moja akasahau, na Wilondja akaona mifupa ya mabega yake. Alinieleza kwa kujigusa mabegani, hapa na hapa.

Halafu ikaja habari kwamba hata sisi, yaani hata wao waliokwisha kuingia, watapitiwa upya na kuhojiwa upya. Nilidhani Wilondja ataogopa. Alisema tu, "Nitawaambia nini kipya, dada? Waliokufa ni wale wale."

Alikuja kwangu Jumamosi moja. Alivua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni wa siku ya kwanza. Chai aliiacha ipoe.

"Narudi," akasema.

Nilimwambia kila kitu ninachokijua, na ninajua mengi, ilikuwa kazi yangu. Nilimwambia akikaa nje muda mrefu atapoteza kadi yake ya ukaazi. Nilimwambia kambini jina lake lilifutwa siku alipoondoka, hana mgao, hana haki ya kulala hata usiku mmoja. Nilimwambia jicho linahitaji dawa ya matone kila siku ya maisha yake. Nilipandisha sauti. Nilimwambia, "Mapendo alikutoa kule kwa mikono yake mwenyewe, wewe unataka kurudi kufanya nini?"

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu anayesikiliza.

"Kule nimefutwa," akasema. "Huku nao watanifuta. Najua, dada. Lakini bibi yangu anakohoa, na hakuna mtu wa kumchemshia maji."

Sikubishana tena.

Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe, Salma tukamchukua pia kwa sababu alikataa kubaki. Jengo lile nimeingia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini daima chini, kule watu wanakotokea. Sikuwahi kumpeleka mtu juu. Ilibidi niulize njia. Mimi, niliyekuwa nawaongoza wengine humo ndani kama nyumbani kwangu, nilisimama katikati ya ukumbi nikamwuliza mfanyakazi wanaosafiri wanaingilia wapi.

Alipofika kwenye mstari wa ukaguzi alivua koti, lile lile nililomvisha siku ya kwanza, akalikunja vizuri akanipa.

"Kule nitaliweka wapi? Mpe mwingine anayekuja."

Nilitaka kumwuliza nani anayekuja. Nikalipokea.

Salma akanivuta mkono. "Is he coming back?" akaniuliza kwa Kiingereza chake, kama kawaida yake.

Wilondja alielewa. Akainama, akamjibu kwa Kiswahili, polepole, ili naye aelewe. "Siku watakayomruhusu bibi yangu, mtoto wangu. Siku hiyo utatuona wote."

Salma akaitikia kwa kichwa. Anaamini bado.

"Merci, dada," Wilondja akaniambia. "Ulinipokea vizuri."

Nikarudi garini nikakaa bila kuwasha, mpaka kioo kikaganda kwa pumzi zetu.

Nilitegemea nini? Nadhani nilitegemea picha. Nilitegemea wawili wamesimama pamoja, yeye anamwambia kama amezeeka au hajazeeka, nami naililia picha hiyo vizuri kisha naendelea na maisha.

Kilichokuja ni sauti ya Wilondja, fupi, kwenye simu. "Nimefika. Amenifungulia, amenitazama, amerudi ndani, amejifunika kanga uso mzima. Hanisemeshi."

Mapendo alikuwa amekasirika. Nimechukua muda kulielewa hilo. Maisha yale yote, njaa, kikohozi, pembe ya nyumba ya mtu, aliyabeba kwa sababu ya jambo moja: kwamba katika wao wawili, mmoja alitoka. Alikuwa nalo hilo. Alilala nalo. Na siku ile mlango ukabishwa, akafungua, akaliona limesimama mbele yake na begi mkononi.

Siku kadhaa hakusema neno. Wilondja alimchemshia maji, akamfulia, akampeleka kliniki ya kambi, wamempima upya na wanangoja majibu. Yeye mwenyewe yuko kambini kwa kibali cha mgeni. Mgeni! Pale alipoishi zaidi ya nusu ya maisha yake, alipozika watoto wake. Kibali kikiisha anatoka nje, anaomba kingine, anarudi. Anasema amezoea, ni madokima tu, yaani makaratasi.

Na leo asubuhi, nikiwa mapumzikoni, nimekaa kwenye kile chumba cha wafanyakazi nyuma ya dobi la hoteli, simu ikaita kwa namba ya Wilondja. Nikapokea nikasema, "Kaka, habari za huko?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Nzito kidogo, ya mtu anayekatiza maneno ili asikohoe.

"Dada, mimi ni Mapendo. Yeye ameenda kuchota maji. Nataka tuongee sisi wawili."

Hatujawahi kuongea sisi wawili. Miaka yote nilimjua kupitia kwa mumewe. Nilisimama, sijui kwa nini, kama mtu aliyeona mkubwa akiingia.

Alinishukuru kwanza. Alitaja vitu ambavyo sikujua anavijua, koti, sombe, kwamba nilikaa na Wilondja hospitalini siku ya jicho. Kisha akaniuliza mambo ya kadi ya ukaazi. Aliuliza kama ofisa: mtu anaweza kukaa nje muda gani kabla haijafa? Akirudi sasa hivi, watamruhusu kuingia? Nikamjibu ninavyojua. Sasa hivi, ndiyo, pengine. Akiendelea kukaa, sijui.

"Basi mwambie arudi," akasema. "Mimi hanisikilizi. Nimemnyamazia, hakuondoka. Nimemtukana, dada, nimemwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu. Amecheka tu. Wewe anakuheshimu, wewe unajua sheria. Mwambie kwamba akirudi atanisaidia zaidi. Mwambie kwamba faili langu linaweza kufunguliwa tena akiwa huko."

"Linaweza," nikasema. "Lakini sijui lini. Sijui kama."

"Hilo la sijui usimwambie."

Mashine za kukaushia zilikuwa zinazunguka nyuma yangu. Mwenzangu mmoja aliingia, akaona uso wangu, akatoka.

Nikamwuliza. Sikupanga kumwuliza, lilitoka tu. "Mapendo, wewe mwenyewe unataka arudi?"

Nilisikia watoto wakicheza mbali, nikasikia kuku, nikasikia akimeza kikohozi.

"Sitaki," akasema. "Lakini mwambie."

Kisha akasema huyo anakuja na ndoo, akakata.

Wilondja amenitumia ujumbe mchana huu, mambo ya kawaida tu, anauliza hali ya hewa, anamsalimu Salma. Nimemjibu kwamba kuna jua. Lile jingine sijamwambia. Nimeliandika mara mbili nikalifuta, na sasa huko kwao ni usiku, wamelala, chini ya paa moja, angalau mpaka kibali kiishe.

Nikiamka nitamwambia, au nitajua kwamba siwezi. Leo sijui kati ya maneno ya Mapendo mawili, "sitaki" na "mwambie", nitii lipi.